Nimepangiwa kuongoza liturgia ya Kilutheri. Naisoma, lakini siielewi. Nisaidieni

Mwanafunzi wa Madhabahuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina jambo linaninyima usingizi, na naomba mnivumilie maana nitaandika kirefu. Ni mwaka wa sita sasa tangu nijiunge na usharika wa Kilutheri. Nilikulia katika kanisa lisilo na kitabu cha ibada: kiongozi anasimama, anaomba kadiri anavyojaliwa, nyimbo zinafuatana, neno linahubiriwa, tunatawanyika. Nilipokuja huku niliipenda liturgia, yaani utaratibu wa ibada ulioandikwa, kabla sijaielewa. Nilipenda kwamba hata siku ambayo moyo wangu umekauka, kuna maneno yananisubiri.

Miezi miwili iliyopita baraza la wazee liliniweka kwenye zamu ya kuongoza liturgia, Jumapili ambazo mchungaji anahudumu kwingine. Nimeshaongoza mara moja. Naeleza ilivyokuwa bila kuficha ili mjue pa kunirekebisha.

Kwanza, nilitangaza kila kitu. Kabla ya kila sehemu nilisema "sasa tunaingia kwenye maungamo", "sasa tutaimba Bwana utuhurumie", "baada ya hapo tutasikia Waraka". Nilihofia watu wasipotee. Ibada ilipokwisha mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia kwa upole: "Binti yangu, leo ulituelekeza njia tunayoijua." Maneno hayo bado yako kifuani mwangu.

Pili, msamaha. Wakati wa maungamo nilikuwa nimeelekea madhabahu pamoja na watu. Tulipofika kwenye tangazo la ondoleo la dhambi nikabaki vilevile, nimewapa mgongo, nikalisoma kwa sauti ileile ya kuomba, nikaunganisha na kilichofuata. Nilipoketi ndipo nikahisi kuna kitu nimekipita, kama mtu aliyekabidhiwa barua ya mwenzake akaisoma mwenyewe kimoyomoyo na kuirudisha mfukoni.

Tatu, kimya. Nikisema "Tuombe", sala inaanza papo hapo. Siwezi kuvumilia hata pumzi mbili za ukimya mbele ya watu.

Zamu yangu inayofuata ni baada ya wiki tano. Nimejaribu kuikariri, na sasa naijua kwa kichwa, lakini kukariri hakujanisaidia kujua ninafanya nini pale mbele. Je, kuna mtu anaweza kunionyesha mahali pa kuanzia? Na je, asiyebarikiwa kuwa mchungaji anaruhusiwa kutamka msamaha na baraka, au nilivuka mpaka bila kujua? Na sauti yangu si ya kuimba, nifanyeje na sehemu za kuimbwa?

---

Mchungaji Mstaafu

Binti, amani iwe kwako. Nimesoma swali lako mara mbili, na nakuambia kwamba jibu umeshalishika mkononi. Ni ile barua.

Chukua nakala ya liturgia unayoweza kuandika juu yake, na penseli. Usianze na maana ya maneno. Pita mstari kwa mstari ukijiuliza swali moja tu: hapa ni nani anasema na nani? Mungu akisema na watu, chora pembeni mshale unaoshuka. Watu wakisema na Mungu, chora mshale unaopanda. Fanya hivyo kabla ya kusoma kitabu chochote kingine kuhusu ibada.

Mimi sikubuni jambo hili. Tarehe 5 Oktoba 1544 Martin Luther, Mjerumani ambaye kanisa letu limepata jina kwake, alihubiri katika uzinduzi wa kanisa la ngome ya Torgau, akasema kwamba nyumba ile isiwe na shughuli nyingine ila Bwana wetu aseme nasi kwa Neno lake takatifu, na sisi tuseme naye kwa sala na sifa. Melanchthon, mwenzake Luther, alikuwa ameshalieleza hilo kwa lugha ya darasani katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, lile tamko la imani yetu Waluther, mwaka 1531, pale alipotenganisha sakramenti na dhabihu: sakramenti ni kazi ambayo Mungu anatupa sisi kitu, na dhabihu ni kazi ambayo sisi tunamrudishia Mungu. Ukielewa hilo, umeelewa kwa nini Waluther waliyasafisha yale waliyoyasafisha na kuyaacha yale waliyoyaacha.

Nikuanzishie. Maungamo: mshale unapanda. Msamaha: unashuka, na hapa ndipo uliposhika barua. Bwana utuhurumie unapanda. Ni kilio cha Bartimayo kando ya njia, "Mwana wa Daudi, Yesu, unirehemu", kwa hiyo usikisome kama orodha ya mahudhurio. Utukufu kwa Mungu juu unapanda, ijapokuwa maneno yake ya mwanzo tuliyapokea kutoka kwa malaika, Luka 2. Masomo yanashuka. Mahubiri yanashuka. Maombi ya kanisa na sadaka vinapanda.

Kisha fika kwenye Chakula cha Bwana ukae hapo muda mrefu, maana hapo ndipo Luther alipokata zaidi. Katika utaratibu wake wa Kilatini wa mwaka 1523 na ule wa Kijerumani uliochapishwa mwaka 1526, aliondoa zile sala ndefu zilizofanya meza ionekane kama sisi ndio tunaompelekea Mungu sadaka. Maneno ya Kristo mwenyewe, "Huu ndio mwili wangu", ambayo padre alikuwa akiyanong'ona akiwa ameinama, yeye akataka yatamkwe yasikike na kila mtu. Kwa nini? Kwa sababu mshale unashuka. Huwezi kumnong'oneza mtu zawadi yake kisha ukatazamia aipokee kwa imani.

Sasa kuhusu kugeuka. Kwa desturi ya zamani, mshale ukipanda kiongozi anaelekea madhabahu pamoja na watu, maana yeye ni mmoja wao. Mshale ukishuka anawageukia, maana amekuwa kinywa cha mwingine. Lakini usiifanye kuwa sheria. Luther huyohuyo, katika utaratibu wa 1526, aliandika kwamba kwa Wakristo wa kweli ingefaa kiongozi awaelekee watu daima, kama Kristo alivyofanya bila shaka katika karamu ya mwisho, ila akasema jambo hilo lingojee wakati wake. Kama madhabahu yenu yametengwa na ukuta na unasimama nyuma yake, mwili wako hauna pa kugeukia. Basi macho yafanye kazi hiyo. Ukiomba, macho yashuke kwenye kitabu au yainuke juu. Ukitangaza, yawatazame watu.

Kuhusu mpaka: Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, linasema mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya Kilutheri asiyebarikiwa akiongoza, maneno hubadilika kidogo: badala ya "nawatangazia", husoma ahadi ya msamaha kutoka Maandiko; badala ya "akubarikie", husema "atubarikie". Kanisa lenu lina kauli yake, na mchungaji wako ndiye wa kukupa. Muulize kabla ya zamu, umwonyeshe na maandishi yenyewe. Hilo siyo kukudharau. Anayesema "atusamehe" amesimama mahali pa haki kabisa. Ila jua kwamba hata ahadi ikisomwa kutoka Maandiko, bado inashuka. Wageukie.

---

Kinanda cha Nyuma

Nimepiga kinanda ibadani kwa miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo nimewaona viongozi wengi kwa mgongo na kwa uso. Mchungaji amesema kweli, lakini naomba niongeze, na mahali pamoja nitatofautiana naye.

Mishale ya penseli ni mizuri mezani. Mbele ya watu, moyo ukipiga kwa kasi, penseli inasahaulika. Kitakachobaki ni kile ambacho mwili umezoea. Kwa hiyo usifanyie mazoezi nyumbani kwenye kiti. Omba ufunguo, nenda kanisani siku ambayo hakuna mtu, uongoze ibada nzima mbele ya mabenchi matupu. Simama, tembea, geuka, nyamaza, imba. Mara tatu. Utashangaa jinsi hatua kutoka mahali pako hadi kwenye kitabu cha masomo ilivyo ndefu, na kwamba ulikuwa unaijaza kwa maneno kwa sababu tu hukujua kutembea kimya. Zile "sasa tutaimba" nyingi huzaliwa hapo. Mguu unapotembea, mdomo upumzike.

Halafu kimya baada ya "Tuombe". Naona watu wengi wanadhani ile ni nafasi iliyosahauliwa. Sala ile fupi ya siku inaitwa kolekta, na wengi huifafanua kuwa sala inayokusanya. Inakusanya nini? Maombi ya kila mmoja aliyeketi pale. Usipowapa watu nafasi ya kuomba, utakusanya nini? Mimi humwambia kiongozi mpya: sema "Tuombe", kisha wewe mwenyewe uombe kweli, kimoyomoyo, ombi moja, hadi mwisho. Ukimaliza ombi lako, anza kolekta. Usihesabu sekunde; ukihesabu utakuwa unasubiri, na watu wanatambua mtu anayesubiri.

Na kolekta yenyewe ina mifupa. Karibu zote zimejengwa hivi: unamwita Mungu kwa jina, unataja jambo moja alilolifanya au alivyo, unaomba kitu kimoja, unasema kwa kusudi gani, unafunga kwa njia ya Yesu Kristo. Kitu kimoja tu. Ukiijua mifupa hiyo utajua pa kuvuta pumzi, na hutaikata sentensi katikati. Ukikata kabla ya ombi, watu wamesikia sifa isiyo na ombi, na Amina yao inakuwa dhaifu. Amina ni yao, dada. Isubiri. Usiwanyang'anye kwa kuanza jambo linalofuata.

Sasa sauti. Unasema si ya kuimba. Nisikilize: kazi ya kuimba liturgia haikuwahi kuwa ya kuonyesha sauti. Luther alipokuwa akiandaa utaratibu wa Kijerumani mwaka 1525 alimwita mwanamuziki Johann Walter aje Wittenberg, mji alikokaa Luther, wakae pamoja. Walter alisimulia baadaye jinsi Luther alivyogawa tuni, yaani mitindo ya kuimbia masomo: Waraka aliupa tuni ya nane kwa sababu Paulo ni mtume mwenye uzito, na Injili akaipa tuni ya sita kwa sababu Kristo ni Bwana mpole na maneno yake ni matamu. Angalia anachofikiria! Hafikirii koo la mwimbaji. Anafikiria ni nani anayesema. Na maneno ya kuweka Chakula cha Bwana akayapa tuni ileile ya Injili, ili hata asiyejua teolojia asikie kwa sikio kwamba hiyo ni Injili, na imeletwa kwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama huwezi kuimba sehemu yako, iseme, ila iseme kwa mdundo uliotulia, na mwombe mpiga kinanda awape watu noti ya kuitikia. Kiongozi anasema, watu wanaimba, hakuna kilichoharibika. Kibaya ni kuanza kuimba kwa noti ya juu usiyoimudu kisha kushuka njiani, maana watu mia wanakufuata shimoni. Kama utaimba, pata noti yako kutoka kwenye kinanda kabla, ya chini kidogo kuliko unavyodhani. Asubuhi sauti za watu zimelala.

Pale ninapotofautiana na Mchungaji: ukifuata mishale yake, wengi wataelewa kwamba nyimbo ni mshale unaopanda. Mimi sikubali kwamba ni hivyo tu. Kile kijitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri cha mwaka 1524 kilikuwa na nyimbo nane tu, na ukizisoma unakuta kadhaa ni mahubiri. Zinawaeleza watu habari ya Kristo. Watu walikuwa wakihubiriana kwa kuimba. Kwa hiyo ukichagua wimbo wa kabla ya mahubiri, usiuchague kwa sababu unachangamsha. Usome maneno yake karibu na Injili ya siku hiyo uone kama vinasema pamoja.

---

Mama wa Benchi la Tatu

Mimi siongozi chochote, na darasa langu la mwisho la dini lilikuwa Kipaimara. Lakini nimesoma habari ya kugeuka nikaona nikueleze jambo moja, mwanangu.

Mume wangu hasikii. Alipoteza usikivu taratibu, sasa ni mwaka wa tisa. Haachi kuja ibadani hata Jumapili moja. Ana kitabu chake mkononi lakini hawezi kujua tumefika wapi, kwa hiyo anamtazama kiongozi. Kiongozi akielekea madhabahu, anainamisha kichwa, anajua tunaomba. Kiongozi akigeuka, anainua uso, anajua anaambiwa kitu. Kiongozi akiinua mikono mwishoni, anajua ni baraka, na anakunja viganja vyake kama mtu anayekinga maji.

Kuna Jumapili kiongozi alisoma msamaha bila kugeuka, siyo wewe, ni zamani. Mume wangu alibaki ameinama. Tukaimba, yeye ameinama. Nikamgusa bega. Aliniangalia akaniuliza kwa mkono: bado? Maana yake, bado hatujasamehewa?

Nimekuandikia hivyo siyo kukutisha. Nataka ujue kuna mtu anayekusoma wewe, mwili wako wote, kama ukurasa.

---

Mluther Kijana

Nasema kwa heshima kwa waliotangulia. Mnamfundisha dada yetu kuhusu kugeuka na tuni, lakini Ungamo la Augsburg kifungu cha 7 linasema kwa umoja wa kanisa yatosha kukubaliana juu ya mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti, na kwamba si lazima taratibu zilizowekwa na wanadamu ziwe sawa kila mahali. Kama ni hivyo, kwa nini tusiruke sehemu zinazochosha? Bwana utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo: ni kurudia kwingi. Vijana wenzangu wanatoka nje. Dada, wewe umetoka kwenye kanisa la uhuru, tuletee uhuru huo.

---

Mchungaji Mstaafu

Kijana wangu, umekinukuu kifungu sawasawa, na ninafurahi kuona umekisoma. Liturgia haiokoi. Nami nimewahi kuongoza ibada wodini iliyokuwa na Injili, sala ya Bwana na baraka, basi, na haikupungukiwa na kitu.

Lakini soma pia kilichotokea Wittenberg. Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, wenzake waliibadilisha ibada kwa haraka, na mengi ya waliyoyabadilisha hata yeye aliyataka. Alirudi Machi 1522 akahubiri siku nane mfululizo. Alichowalaumu ni kukosa upendo: waliwavuta walio dhaifu kwa nguvu badala ya kulihubiri Neno na kulingoja lifanye kazi. Naye utaratibu wake kamili wa Kijerumani aliungojea hadi mwishoni mwa mwaka 1525, na katika dibaji yake akasihi usigeuzwe kuwa sheria ya kufunga dhamiri. Uhuru tunao. Umetolewa kwa faida ya jirani.

Kwa hiyo swali siyo kama unaruhusiwa kuruka Mwanakondoo. Swali ni nani atakayepungukiwa. Yule baba asiyesikia anaijua njia kwa sababu haihamishwi kila wiki. Mwenye kufiwa, aliyekuja bila neno lake mwenyewe, anakuta "utuhurumie" imeshaandaliwa. Unasema ni kurudia. Bartimayo naye alikemewa anyamaze, akazidi sana kupaza sauti.

Vijana wanaotoka nje wanaumiza moyo wangu pia. Ila jaribu kwanza kuwafundisha mishale, mkae nao jioni moja na penseli. Nimeona vijana wakishtuka kwamba "Mioyo juu" wanayoitikia kabla ya Chakula cha Bwana imetajwa na Cyprian, askofu wa Carthage aliyeuawa mwaka 258. Walioijibu kabla yao walikuwa katika hatari ya kufa.

---

Mwanafunzi wa Madhabahuni

Nimerudi, wapendwa. Zamu yangu imepita jana. Nilitaka kwanza niwashukuru, kisha nieleze.

Nilikwenda kwa mchungaji na karatasi yangu ya mishale. Aliipitia yote, akanionyesha maneno ninayopaswa kutumia mimi nisiyebarikiwa: baada ya maungamo, nisome ahadi ya 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu", na mwishoni niseme "Bwana atubarikie na kutulinda". Nilitoka kwake nimepumua. Sikuwa nimejua kwamba mpaka unaweza kumpa mtu raha kiasi hicho.

Nilifanya mazoezi kanisani peke yangu mara tatu kama Kinanda cha Nyuma alivyosema. Mara ya kwanza nilisikia aibu kuwageukia mabenchi matupu. Mara ya pili nilipofika kwenye ahadi ile, nikageuka, nikasema "yeye ni mwaminifu na wa haki", nikashindwa kuendelea. Nililia pale mbele peke yangu. Maneno hayo nimeyasoma maisha yangu yote kama mtu anayejikumbusha. Sikuwahi kuyasikia yakija kutoka mbele yangu, na siku hiyo, japo mdomo ulikuwa wangu, yalinijia.

Jana sikutangaza sehemu hata moja, isipokuwa namba za nyimbo. Hakuna aliyepotea. Maungamo yalipokwisha nilisubiri, nikageuka taratibu, nikahakikisha nimesimama imara kabla ya kufungua mdomo. Mama wa Benchi la Tatu, sijui usharika wako, na pengine hatutaonana. Lakini nilipogeuka niliwatazama kwanza walioinama, nikangoja waone kwamba nimegeuka. Mmoja baada ya mwingine waliinua nyuso. Ndipo nikasema. Nilimsemea na mumeo.

Kwenye "Tuombe" niliomba ombi langu kweli. Lilikuwa refu kidogo kuliko nilivyopanga, mtoto mmoja akauliza kwa sauti "kwa nini ananyamaza?" na mama yake akamjibu, "anatungoja." Nikaanza kolekta. Amina iliyokuja ilikuwa nzito, iliyojaa, sijawahi kuisikia hivyo nikiwa benchini.

Sehemu za kuimba nilizisema tu. Watu waliimba viitikio vyao vizuri kuliko siku zote, nadhani kwa sababu hawakuwa na mashaka juu ya noti.

Kosa lilikuwepo: niliruka Haleluya kabla ya Injili. Mpiga kinanda aliianzisha mwenyewe, nami nikafuata. Hakuna aliyekufa moyo.

Kijana, nimelifikiria ombi lako. Ule uhuru nilioulelewa nao ninaushukuru, ndio ulionifundisha kuomba. Lakini kule kiongozi akiwa na siku mbaya, sote tulikuwa na siku mbaya. Jana asubuhi niliamka nina huzuni ya jambo la nyumbani, na sikulazimika kuwalisha watu huzuni yangu. Njoo tukae jioni hiyo na penseli, nitafutie wenzako.

Sasa swali lililobaki. Kwenye karatasi yangu kuna sehemu moja ambayo sikuiwekea mshale hadi leo: Imani ya Mitume. Tunasema "Namwamini Mungu Baba", siyo "Nakuamini". Kwa hiyo hatusemi na Mungu moja kwa moja. Lakini pia siwafundishi watu, maana tunasema wote. Jana nilibaki nimesimama upande upande, sikujua nielekee wapi. Ni mshale gani?

---

Kinanda cha Nyuma

Mimi hapo huwa nimeondoa mikono kwenye kinanda. Naelekea madhabahu kama wengine wote. Ni sehemu pekee ya ibada ambapo ninasikia sauti ya kusanyiko bila kitu chochote chini yake, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Mshale namwachia Mchungaji.

---

Mchungaji Mstaafu

Binti, umekaa na karatasi hiyo vizuri, maana hapo wengi hupita bila kuona.

Maneno yale yalikua kutoka kwenye ubatizo. Katika kanisa la kale aliyekuwa majini aliulizwa: unamwamini Mungu Baba? Akajibu: namwamini. Akaulizwa habari za Mwana, akajibu. Akaulizwa habari za Roho, akajibu. Kwa hiyo Imani ni jibu. Mungu ameuliza kwanza, na katika ibada ameuliza kwa kinywa cha Injili iliyosomwa. Chora mshale unaopanda. Kisha chora mwingine mdogo, wa kulalia, kutoka kwako kwenda kwa aliye kando yako, kwa sababu yeye anakusikia, na kuna Jumapili ambayo yeye hawezi kuisema na wewe unaisema akiwa karibu nawe.

Elekea madhabahu pamoja nao. Anza wewe neno la kwanza, "Namwamini", kwa sauti ya kutosha ili waingie pamoja, halafu sogea hatua moja mbali na kipaza sauti.